MASHINE IMSAIDIE MWALIMU, ISIMFUKUZE

Si jambo geni katika vijiji vyetu kuwakuta watoto wameketi darasani, madaftari mapajani, na mwalimu hayupo. Huenda anaumwa; huenda amefuata mshahara mjini; huenda hajaletwa kabisa. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mtoto aweza kujifunza kusoma hata mwalimu asipokuwapo, yatupasa tulipime neno hilo, tusilishangilie ovyo wala tusilibeze.

Jambo hilo limekwisha kujaribiwa katika nchi yetu wenyewe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikitiwa nguvu kwa umeme wa jua. Mashindano hayo, yaitwayo Global Learning XPRIZE, yaliendeshwa kwa ushirikiano na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamepata kukanyaga shule. Mashine ilisema, ikaonyesha picha, ikauliza. Mtoto alijibu kwa kidole, na akikosea alirudia bila ya kuchekwa. Walipoanza, zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Hayo ni mafanikio, na hatuoni sababu ya kuyakana. Lakini hesabu hiyo hiyo yatuonyesha pia kwamba watoto wengi walibaki bila ya kujua kusoma. Hao watafundishwa na nani? Mashine haioni kwamba mtoto amekuja na njaa, wala haiendi kwao kuuliza kwa nini jana hakuja.

Tunalo fundisho letu la zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, na watu wazima wapatao milioni 2 wakashiriki. Redio haikuachwa peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusoma. Kipindi kilipokwisha watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ilitoka mbali, lakini kazi ilifanywa na watu waliojuana.

Basi shauri letu ni hili. Vyombo hivyo na vije, na kila mahali viwekwe chini ya mtu mwenye dhamana, atakayevitunza na kuwafuatilia watoto. Lakini tusikubali kamwe kishikwambi kiwe kisingizio cha kutoajiri mwalimu. Wazazi na viongozi wa vijiji, siku mtakapoletewa mashine, zipokeeni kwa shukrani. Kisha ulizeni, bila ya woga, mwalimu atafika lini.