Uzamivu bila Kibali

Wapo waungwana wanaoshikilia kwamba asiyesajiliwa chuoni hawezi kuitwa mzamivu wa elimu. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, je, alizamia kwa kibali cha nani? Hakupitia chuo kikuu; lakini utenzi wake, Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, umehifadhi istilahi za uundaji wa vyombo ambazo mafundi wengi wamekwenda nazo kaburini.

Nako Chunya, bara ya mbali mkoani Mbeya, ambako dhahabu ya Lupa iliwavuta watu wa makabila mengi katika miaka ya 1930, wachimbaji wana Kiswahili chao. Duara ni shimo la kushukia mwambani. Mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa. Akitokea mwalimu wa huko akataka kuyakusanya maneno hayo, ataambiwa angoje ada na msimamizi. Wazee wa maduarani hawatamngoja.

Hatusemi ajiite Daktari. Cheo hicho hutolewa na chuo, na anayejivika mwenyewe ni mwongo (nao wapo, twawajua). Wala hatusemi asikaguliwe: Sambo nayo ilipita mikononi mwa wahariri wawili, Miehe na Schadeberg. Tudaicho ni kwamba vyuo vyetu viipokee kazi iliyokamilika, viite watahini, viipime kama ilivyo, bila kuuliza mwandishi aliketi darasa gani. Mwalimu naye asisubiri jibu lao. Anunue daftari, ateremke duarani kesho asubuhi.