Hotuba za video na Kiingereza: kutazama peke yake hakutoshi

Huenda nawe umeshaambiwa: "Unataka Kiingereza? Ingia YouTube, kila kitu kipo." Ushauri huu husikika sana katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda, kuanzia Nakivale hadi Kyangwali. Una ukweli ndani yake, ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kukugharimu muda na bando lako bure.

Jambo hili si dogo. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na wengi wao wametoka Sudan Kusini na Kongo. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa hadi sekondari huko Kongo huwasili akiwa anajua hesabu na baiolojia. Lakini hapa, kuanzia darasa la nne, Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia, na ndiyo lugha ya mitihani ya taifa. Mara nyingi kijana huyo hurudishwa darasa la chini, akaketi na watoto. Wengine huona aibu, wakaacha shule. Mwenyeji aliyeishia njiani kwa kukosa karo naye hukwama vilevile anapoomba kazi.

Ndiyo maana hotuba za TED zimewavutia walimu na wanafunzi wengi. Zimekuwa zikiwekwa mtandaoni bila malipo tangu 2006. Kwa kawaida hazizidi dakika 18, na nyingi zina maandishi kamili ya kila neno linalosemwa. Zina pia manukuu katika lugha nyingi, na baadhi yana Kiswahili. Isitoshe, zinazungumzia mambo ya watu wazima: kilimo, afya, vita, biashara. Mtu mzima hatakiwi kujifunza kwa nyimbo za chekechea.

Tatizo liko wapi? Msemaji wa kawaida hutamka maneno kama 150 kwa dakika. Hotuba ya dakika 18 ina maneno zaidi ya 2,000. Anayeanza akiitazama mara moja, maneno hayo humpita kama lori barabarani. Akiwasha manukuu ya Kiswahili, ataelewa kisa, lakini kilichofanya kazi ni Kiswahili chake. Kiingereza kimebaki palepale.

Mchukue William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa karo, kisha akatengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Mwaka 2007 alipanda jukwaa la TED mjini Arusha, Tanzania. Alizungumza kidogo sana, na baadaye alikiri kwamba siku ile Kiingereza kilimtoroka kwa woga. Mwaka 2009 alirudi kwenye jukwaa hilo, safari hii nchini Uingereza, akasimulia kisa chake mwenyewe, taratibu na kwa maneno mepesi. Katikati ya hotuba hizo mbili kulikuwa na kurudi shule, na kuzungumza na watu mbele ya macho yao. Tazama zote mbili, ni fupi, utaiona tofauti.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua hotuba isiyozidi dakika sita. Isikilize mara ya kwanza bila manukuu, upate wazo tu. Mara ya pili washa manukuu ya Kiingereza, uandike maneno kumi usiyoyajua. Mara ya tatu punguza kasi, simamisha baada ya kila sentensi, uirudie kwa sauti. Mwisho, funga simu umweleze jirani kwa dakika moja ulichosikia, kwa Kiingereza chako hichohicho kibovu. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayofundisha kuliko zote.

Bando nalo ni ghali. Mkiwa watano, simu moja na spika ndogo zinatosha. Pakueni video mara moja penye intaneti ya bure, mtumiane bila kutumia data. Kutaneni saa ambayo wasichana na akina mama wamemaliza kuchota maji. Vinginevyo kundi litabaki la wavulana tu.

Nasi wafanyakazi wa mashirika tuna la kujibu. Tunapenda kupiga picha za vijana mbele ya skrini na kuhesabu waliohudhuria. Tungepaswa kuuliza ni wangapi wamefungua mdomo. Tena, lugha ya jukwaani si lugha ya zahanati. Mama anayetaka kumweleza daktari kuwa mtoto ana homa tangu juzi anahitaji mazoezi ya maneno hayo hasa, na hapo video haichukui nafasi ya mwalimu.

Juni 2018, hafla ya TEDx iliandaliwa ndani ya kambi ya Kakuma, Kenya. Miongoni mwa waliozungumza alikuwemo mwanamitindo Halima Aden, aliyezaliwa kambini humo. Nayo iko mtandaoni. Ukianza na hotuba ya mtu anayejua foleni ya mgao, maneno magumu yatapungua, maana kisa chenyewe unakijua. Kisha mtafute jirani, umsimulie.