Sangara si sato, na jaketi si la kukalia

Mhariri,

Wikendi hapa Mwanza vijana hukodi mtumbwi kwenda kuvua kwa burudani, wote wakiwa na ndoana za aina moja. Jamani, sato ana mdomo mdogo: mpe ndoana ndogo yenye nyungunyungu, umtafute kandokando ya mafunjo. Sangara ni habari nyingine. Meno yake ni kama msasa. Husaga mshipi mwembamba mpaka ukakatika samaki akiwa tayari ubavuni mwa mtumbwi. Funga juu ya ndoana kipande cha mshipi mnene, urefu wa mkono hivi. Usimshike mashavuni, yanakata. Akiwa chini ya sentimita 50, mrudishe majini, ndiyo sheria.

Kabla ya kulipia mtumbwi, pitisha kidole kwenye maungio ya mbao. Pamba ya kuzibia ikiwa imelegea, achana na mtumbwi huo. Kopo la kuchotea maji liwemo. Samaki avutwe mmekaa, na wingu likianza kuwa jeusi geuzeni, hata kama samaki wanakula chambo.

Nanyi wenye mitumbwi, tafadhali: asiyevaa jaketi la kuokolea maisha msimpakie, hata akilipa mara mbili.

Msomaji wenu,
Mwanza