Tulikosea: Mayahudi nao wana swaumu



Wiki kadhaa zilizopita, tulipokuwa tukieleza kwamba swaumu ilifaradhishwa pia juu ya umma zilizotutangulia, tuliandika katika safu hii kwamba Mayahudi wa leo hawafungi tena na kwamba ibada hiyo imewapotea. Tulikosea. Maneno yale hatukuyatoa kitabuni. Tuliyasikia tukiwa wadogo, yakakaa kichwani kama yakaavyo mengi ya namna hiyo, na siku tulipohitaji sentensi ya kufungia aya, yakajileta yenyewe.

Aliyetusahihisha ni kijana anayesoma Mbale, mashariki ya Uganda, mji ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa mwaka 1988. Ametuandikia kwa adabu, lakini bila kumung'unya maneno, kwamba jirani zake ni Mayahudi na amewaona wakifunga usiku na mchana. Baada ya barua yake zimekuja nyingine mbili. Moja ni ya mama ambaye binti yake anasoma huko huko, naye amealikwa na familia ya rafiki yake Myahudi kula chakula cha usiku wa kuamkia Jumamosi. Ya pili ni ya mwalimu wa madrasa aliyebanwa na swali la mwanafunzi.

Msomaji anayetarajia kwamba leo tutazungumza habari za Palestina atuwie radhi. Dhulma ya huko ni dhulma, na haipungui kwa sababu hatuitaji hapa. Lakini swali la dola ni jingine, na swali la Myahudi anaabudu vipi na anakula nini ni jingine. Wamo hata Mayahudi washika dini, kama kundi la Neturei Karta, wanaoipinga dola hiyo kwa hoja za dini yao wenyewe. Aya ya 8 ya Suratul-Maidah inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki tuliyo nayo juu ya watu. Nasi tulimzulia mtu katika ibada yake, tena kwa maandishi, gazeti likaingia majumbani na kusomwa mbele ya watoto.

Basi tuanze na swaumu. Kubwa kuliko zote kwao ni ile ya tarehe 10 ya mwezi wanaouita Tishri. Jina lake ni Yom Kippur, yaani Siku ya Kafara, na msomaji asidhani tumelazimisha tafsiri: neno lao kippur na neno letu kafara ni ndugu wa shina moja, kwani Kiebrania na Kiarabu vimetoka ukoo mmoja. Swaumu hiyo huanza kabla ya jua kuzama na kumalizika usiku wa siku ya pili, takriban saa 25, bila chakula wala maji. Daku haipo, kwa kuwa usiku wenyewe umo ndani ya swaumu. Pamoja na kula na kunywa, mtu hujizuia kuoga kwa kujiburudisha, kujipaka mafuta, kukutana na mwenzi wake, na hata kuvaa viatu vya ngozi. Ndiyo maana siku hiyo utamwona mzee wa heshima, suti imenyooka, chini amevaa raba. Mgonjwa ambaye swaumu inahatarisha uhai wake halazimiki kufunga. Bali kwa fiqhi yao analazimika kula.

Ipo na swaumu ya tarehe 9 ya mwezi wa Av, nayo ni ya usiku na mchana, ya kuomboleza kuvunjwa kwa Hekalu la Jerusalem, ambalo mara ya mwisho lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Zaidi ya hizo mbili zipo fupi za kuanzia alfajiri.

Hapa kila Muislamu aliyepita madrasa atakumbuka hadithi ya Ibn Abbas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura. Alipouliza sababu akaambiwa kwamba ni siku ambayo Allah alimwokoa Nabii Musa (a.s.). Akasema kwamba sisi tuna haki zaidi na Musa, akafunga na kuamrisha ifungwe. Wapo watafiti wanaoihusisha Ashura ile na hii siku ya kumi ya Tishri. Hatukati shauri. Tunaloweza kusema ni kwamba katika mapokezi ya Mayahudi, Yom Kippur ndiyo siku aliposhuka Musa mlimani na mbao za pili baada ya zile za kwanza kuvunjika. Leo siku hizo mbili haziendi pamoja, kwani wao, ingawa miezi yao huandama kama yetu, huongeza mwezi wa kumi na tatu katika miaka 7 ya kila miaka 19, ili misimu isihame. Yom Kippur hubakia Septemba au Oktoba daima, na Ashura yetu huzunguka mwaka mzima.

Sasa tuje kwa mama na binti yake. Kabla ya chungu, tuwajue wenye nyumba. Mayahudi wa Mbale hujiita Abayudaya, nao ni Waafrika wenzetu. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, kisha akafarakana nao. Alikuwa Mkristo, alipoisoma Taurati aliona kwamba sheria zake ni za kufuatwa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, na watu wake wakamfuata. Zama za Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi wakahama dini, baadhi yao wakaingia Uislamu. Tunalitaja hili kwa sababu mtawala yule alikuwa Muislamu, na kwa sababu si sahihi kuzihesabu silimu za woga miongoni mwa mafanikio yetu, wakati Qur'ani imekataza kulazimisha watu dini. Waliobakia walishikilia kwa siri, na baada yake wakarudi kuabudu hadharani. Leo wako wakulima wa kahawa, Mayahudi, Waislamu na Wakristo, waliounda pamoja ushirika wa kuiuza mwaka 2004.

Meza yao ina sheria nyingi kuliko yetu. Nguruwe hawali, kama sisi. Ngamia hawali, wala sungura. Samaki ni lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo pweza, ngisi, kamba na kaa, vitu ambavyo mtu wa pwani havihesabu kuwa na tatizo lolote, kwao ni haramu. Kambale naye, kwa kukosa magamba, yumo humo. Nyama haipikwi wala hailiwi pamoja na maziwa. Wenye kushika sana huwa na vyungu na vyombo mbalimbali, na wapo wanaongoja saa 6 baada ya nyama kabla ya kunywa chai ya maziwa. Mchinjaji wao ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Kisu hukikagua kabla na baada ya kuchinja, na kikionekana na pengo, nyama haifai. Hutaja jina la Mungu kwa dua mwanzoni mwa kazi, kisha huchinja mfululizo. Nyama hulowekwa, ikatiwa chumvi ili damu itoke, ikasuuzwa. Mafuta fulani ya ng'ombe na ya kondoo huondolewa. Aliyesoma aya ya 146 ya Suratul-An'am akapita bila kuelewa habari ya mafuta waliyoharamishiwa Mayahudi, bucha la Myahudi lingemfasiria.

Je, binti ale nyama hiyo? Aya ya 5 ya Suratul-Maidah imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na mama huenda akatosheka hapo. Lakini tunawaandikia watu ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na hatuna ruhusa ya kuficha sharti lililomo vitabuni mwetu. Wanavyuoni wa Kishafii wanasema kwamba asiyekuwa wa kizazi cha Bani Israil, kichinjo chake huwa halali kwetu iwapo inajulikana kwamba wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa. Walioingia mwaka 1919 hawatimizi sharti hilo. Wanavyuoni wengi wa madhehebu mengine hawaliweki. Kwao mwenye kuishika dini ya Kitabu ni wa Kitabu. Basi aliyekula kwa kuifuata kauli ya hao wengi hatumwiti mla haramu. Ushauri wetu kwa binti ni kwamba aiache nyama, kwani kutoka katika khilafu kunapendeza, na ale samaki, maharage, mayai, mboga na mikate, ambavyo havina mchinjaji wala ugomvi. Divai haina mjadala. Usiku huo mwenye nyumba huifungua karamu kwa dua juu ya kikombe cha divai, na kikombe hicho huzungushwa mezani. Binti aseme mapema kwamba hatakunywa. Watu ambao wenyewe huulizana habari za pweza na maziwa hawatashangaa.

Swali la mwalimu wa madrasa ndilo lililotupa kazi. Mwanafunzi alisoma aya ya 30 ya Suratut-Tawba, inayotaja kauli ya Mayahudi kwamba Uzair ni mwana wa Mungu, kisha akasikia kwamba Mayahudi wa leo wanaikana kauli hiyo, akauliza nani msema kweli. Mwalimu alimwamuru akae chini. Tunamwomba amwinue. Ni kweli kwamba Mayahudi hawana itikadi hiyo. Uzair, ambaye wao humwita Ezra, kwao ni mwandishi na mwalimu wa Taurati. Tamko la kumpwekesha Mungu hulisoma asubuhi na jioni, na hutamani liwe neno la mwisho mdomoni wakati wa kufa. Wala jibu si geni kwetu. Imam Al-Qurtubi ameeleza katika tafsiri yake kwamba tamko la aya hiyo ni la jumla lakini makusudio yake ni mahususi, kwa kuwa si Mayahudi wote waliosema hivyo. Na wafasiri wengine, akiwamo Tabari, wametaja mapokezi kwamba ni watu maalumu wa Madina. Lililobaki kati yetu na wao ni zito la kutosha, kwani hawamkubali Nabii Isa (a.s.) wala Mtume wetu (s.a.w.). Hatuhitaji kuwaongezea wasilolisema.

Na wao, je, wametuhukumu vipi? Musa bin Maimuni, mkubwa wa wanasheria wao wa zama za kati, aliyezaliwa Cordoba na kufariki mwaka 1204 akiwa tabibu katika Misri ya akina Salahuddin, aliulizwa na mtu aliyesilimu kwenda kwao kama Waislamu ni waabudu masanamu. Akajibu kwamba sivyo kabisa, na kwamba wanampwekesha Mungu upweke ulio sahihi. Tena alikuwa mtu ambaye ukoo wake uliteswa na watawala wa Kiislamu wa Maghrib, alikuwa na kisa cha kusema vinginevyo.

Tumalizie safari ya binti. Afuatane na mwenzake. Matunda ayapeleke kabla jua halijazama, kwa kuwa likishazama wao hawawashi moto, hawapiki wala hawashiki simu mpaka Jumamosi usiku. Naye yake aizime. Asiguse swichi ya taa kwa kudhani anasaidia. Magharibi itamkuta humo humo, basi aombe pahala safi pa kuswali, na atapewa. Wenyeji wake huswali mara tatu kwa siku, na kibla chao ni Baytul-Maqdis, kilichokuwa chetu cha kwanza. Ukiwa Mbale, Jerusalem na Makka zote ziko kaskazini. Yeye ageuke kidogo upande wa mashariki.

Wallahu a'alam.