Kutoka Bayes hadi madhabahuni

Wandugu, niseme wazi: waliotufundisha kushuku kila kitu sasa wanasujudu.

Richard Dawkins alipotoa The God Delusion mwaka 2006, vijana wa intaneti waliojiona wako nje ya jamii walibeba mantiki kama rungu. Mwaka 2009 Eliezer Yudkowsky akaanzisha LessWrong, watu wanoe fikra kwa kanuni ya Bayes. Mwaka 2010, hapo hapo, likazuka wazo kwamba kompyuta yenye akili kupita binadamu itawaadhibu waliojua inakuja wasiisaidie kuzaliwa. Mjadala ukapigwa marufuku. Kama hiyo si jehanamu, ni nini? Mwaka 2015 mhandisi Anthony Levandowski akaanzisha kanisa la akili bandia, Way of the Future. Wengine leo wanasoma karata za tarot, wakijiita waliovuka mantiki.

Sipingi dini. Napinga imani inayojificha ndani ya hesabu. Mimi huandika programu, na isiyojaribiwa siiamini, hata aliyeiandika awe mwerevu vipi. Hawa walimwamini mwerevu bila kumjaribu. Waliabudu akili tangu mwanzo. Tarot imekuja baadaye tu.

Ukibisha, bisha, ila njoo na ushahidi.