JWTZ na Wachina: Bunge Liliulizwa Lini?

Makamanda, turudi kidogo Agosti 2024. Vijana wetu wanazuiwa njiani kuja Mbeya kwenye Siku ya Vijana, mamia wanawekwa ndani, viongozi wa kitaifa wakiwemo. Siku hizohizo kule Mapinga, Bagamoyo, kulikuwa na zoezi la Amani Umoja 2024: wanajeshi wa China, wa Msumbiji na wa kwetu. Yaani askari wa kigeni anapokelewa na meli yake ya kivita, kijana wa Mafinga hafiki Mbeya kwenye mkutano.

Mimi simchukii Mchina. Huku tumekua na honi ya TAZARA masikioni, reli ya kilomita 1,860 aliyotukopesha bila riba wakati Wazungu walisema hailipi. Kituo cha mafunzo cha Mapinga, kilichofunguliwa 2018, nacho ni kazi yake. Shida yangu ni namna tunavyopokea.

Baada ya maasi ya Januari 1964 Mwalimu alilijenga jeshi upya bila kumtegemea mkubwa mmoja. Ujerumani Magharibi walikuwa wanafundisha kikosi cha anga. Mwaka 1965 Bonn ikakata msaada wa kijeshi, ikikasirikia uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini. Mwalimu akawaambia wabebe na misaada mingine. Wakaja Wakanada, na Wachina nao wakaendelea upande wao.

Leo je? Septemba 2024 Xi Jinping aliiahidi Afrika msaada wa kijeshi wa yuan bilioni 1, na mafunzo kwa wanajeshi 6,000 na polisi 1,000. Hapo kwenye polisi ndipo napashangaa. Watafundishwa kukamata majambazi au kuzima mikutano? Na Kibaha kuna shule ya uongozi iliyofunguliwa 2022 kwa hela za chama tawala cha China, kwa ajili ya CCM na vyama vingine vitano. Chama kwa chama, jeshi kwa jeshi, mpaka uko wapi?

Na wanaosema basi tukimbilie Marekani, watulie. Jeshi la Uganda limekuwa rafiki wa Marekani miaka na miaka, muulizeni Besigye.

Katiba, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Mikataba ya kijeshi ipelekwe huko, hata kwenye kamati kwa faragha. Mbunge atakayepita Mwanjelwa au Mafinga aulizwe: ameshaona hata mmoja?