Miadi ya malori bandarini: nani alipe muda wa kusubiri?

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou hupiga hesabu ya nauli ya meli, ushuru na bei ya jumla kabla hajatuma fedha. Gharama inayomponyoka ni ya kilometa chache za mwisho, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mtaa wa Kongo au Msimbazi. Lori la kukodi likilala foleni, mwenye lori anadai siku yake. Tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini inaendelea kupanda, na mwenye meli naye anahesabu siku za kontena lake. Yote hayo huishia kwenye bei ya sahani na viatu vya shule.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni miadi: lori hupewa saa yake ya kufika getini, kama mgonjwa kwa daktari. Faida kubwa ya utaratibu huo iko uwanjani kuliko getini. Makontena hupangwa yakipandana. Lako likiwa chini, mashine sharti iondoe ya juu, iyaweke kando, ndipo ilifikie. Msimamizi aliyejua tangu jana kwamba kontena fulani linatoka saa nne asubuhi huyapangua usiku, kazi ikiwa ndogo. Asiyejua huyapangua mchana, malori yakinguruma nje.

Hadi hapo hatuna ubishi. Ubishi wetu ni juu ya adhabu.

Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2002: kituo cha makontena kinachoacha lori lingoje kwa zaidi ya dakika 30 injini ikiwaka kilipe faini ya dola 250. Kituo chenye miadi kilisamehewa. Vituo kadhaa vya Los Angeles na Long Beach vikafungua miadi upesi, lakini watafiti waliofuatilia hawakuona foleni zikipungua. Miadi ilikuwa mwavuli wa kukwepa faini tu.

Sydney, Australia, ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2011 katika bandari ya Botany, lori linalokosa saa yake hulipa, na kituo kinachochelewesha lori lililofika kwa wakati nacho humlipa mwenye lori. Hapo ndipo ahadi inakuwa na uzito pande zote mbili.

Dar es Salaam sasa ina waendeshaji wakubwa wawili: DP World, iliyoanza kazi mwaka 2024 katika gati namba 0 hadi 7, na TEAGTL, yenye mkono wa Adani Ports na AD Ports, katika gati namba 8 hadi 11. Utaratibu wowote wa miadi hapa tuupime kwa swali moja: lori limefika, nyaraka zimekamilika, kontena halijashushwa, nani analipa? Jibu likiwa ni mwenye mzigo, basi hiyo ni tozo nyingine iliyovishwa koti jipya. Kanuni iwe moja kwa wote wawili, na TASAC, msimamizi wa huduma za bandari, ndiyo yenye nafasi ya kuiweka.

Kuna na suala la mdogo. Wengi wa Kariakoo huchangia kontena moja watu kadhaa, chini ya wakala mmoja wa forodha. Kampuni kubwa yenye malori mengi inaweza kukamata saa nzuri za asubuhi kwa jumla na kuziacha wazi isipozihitaji. Kwa hiyo saa isiyotumiwa irudishwe mapema ichukuliwe na mwingine. Saa za usiku si mbaya, maana tangu mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo uanze mwaka 2025, mzigo wa usiku unaweza kupata mpokeaji. Lakini mlinzi, wapagazi na taa vina gharama zake, na punguzo la tozo ya usiku lingekuwa haki.

Msomaji anayefikiria kununua lori kwa mkopo naye aangalie hapa. Rejesho la benki ni lile lile, lori lipige safari moja kwa siku au mbili. Kabla ya kusaini, akakae na madereva wa Kurasini aulize safari walizopiga wiki iliyopita, na ni ngapi kati ya hizo ziliingia usiku bila kupakia.